Bodi za utalii za majimbo ya Marekani hufanya nini zaidi ya matangazo?

BotiWatamu: Hamjambo jamani. Nina boti ya kuwapeleka wageni kwenye matumbawe. Tumeitwa kikao cha kaunti tutoe mapendekezo ya utalii, nami sitaki kwenda mikono mitupu. Mlio Marekani, huko majimbo yanafanyaje?

DerevaRichmond: Kaka, niko Virginia, naendesha basi la kukodi. Bodi ya hapa inaitwa Virginia Tourism Corporation, na kauli mbiu yao, "Virginia is for Lovers" (Virginia ni ya wapenzi), ni ya tangu 1969. Mwanzo tangazo moja lilikuwa liwe la wapenzi wa historia, la pili wapenzi wa bahari, la tatu wapenzi wa milima. Wakafuta vyote, wakabaki wapenzi tu. Na jimbo hilihili lilikuwa likimfunga mzungu aliyeoa mweusi, mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoifuta sheria hiyo 1967! Biashara haina haya.

Lakini wewe iga zile herufi. Mji, hata shamba la zabibu, hujenga neno LOVE kubwa kwa vitu vya kwao. Bodi hurudisha sehemu ya gharama na kuliweka kwenye orodha yake. Sasa yamepita 300. Chincoteague, kisiwa cha wavuvi, wameweka viti vinne vikubwa vya mbao, kila kimoja herufi, vimeelekea maji. Abiria wangu wakiviona tu, "simamisha!" Picha, kisha njaa, kisha chaza.

MamaPwani: Picha zinamsaidia nini mwenye boti?

DerevaRichmond: Swali zuri, dada. Ndiyo maana kuna ruzuku ya matangazo. Huombi peke yako, lazima muwe angalau watatu: tuseme boti, mkahawa na nyumba ya wageni. Mnatanguliza pesa zenu, mnapeleka risiti, ndipo jimbo linawarudishia. Kasoro yake ni hapo kwenye kutanguliza, asiye na mtaji ruzuku ataisikia kwa jirani. BotiWatamu, mkiomba kitu kama hicho, ombeni nusu itolewe mwanzoni.

BotiWatamu: Shukrani kaka. Boti ninayo, na mama wa mkahawa hakatai. Mgumu ni yule wa nyumba za wageni, ana wakala wake Malindi na hapendi kushirikiana. Nitamvaa Ijumaa akitoka msikitini.

MamaPwani: Mpeleke mama wa mkahawa akaseme naye. Wewe atakukwepa.