Grupu la mazingira limejaa watu, kazi haziendi

mto_msafi: Wakuu habarini, naomba ushauri. Tuna grupu la WhatsApp la kusafisha mto, tulianza watu kumi saa hii tumefika mia mbili na kitu, lakini kila siku ni picha za asubuhi njema na video za kufowadi tu, ukitangaza Jumamosi tukutane unapata madole gumba sitini halafu wanatokea watu wanne na mmoja wao ni mimi mwenyewe. Kuna programu mnatumia kupanga hizi kazi zikaenda, au tatizo ni sisi?

jembe_halilali: Pole mkuu ila hayo madole gumba yamenichekesha, tulikuwa hivyo hivyo. Shida sio programu. Ukisema "tukutane tusafishe mto" hiyo kazi haina mwenyewe, kila mtu anajua wapo mia mbili asipoenda yeye wataenda wenzake. Sisi mtu akiona rundo la taka anapiga picha, linawekwa kwenye ramani na alama nyekundu, halafu wanatajwa kwa majina wawili watatu wa kulimaliza, wakimaliza wanapiga picha palepale alama inageuka kijani. Utashangaa mtu anavyokosa raha nyekundu yake ikikaa wiki mbili.

bundi77: Kweli kabisa, Estonia 2008 ndo walivyofanya. Wa kujitolea walizunguka kwanza wakaingiza maelfu ya majalala haramu kwenye ramani ya mtandaoni, tarehe 3 Mei wakatoka watu kama 50,000 wakazoa tani 10,000 hivi kwa siku moja, na nchi yenyewe ina watu milioni 1.3 tu. Siku ya kuzoa kila mtu alishajua anaenda wapi.

Mi ningeongeza iNaturalist, ile programu ya kurekodi mimea na wanyama kwa picha. Ukipiga picha ndege au mmea wa hapo mtoni wengine wanakusaidia kuutambua, wakikubaliana zaidi ya theluthi mbili rekodi inapanda daraja na watafiti wanaitumia, hapo unaanza kuona kama mto unapona kweli au mnahamisha taka tu. Ila kiumbe adimu usimrushe kwenye grupu na lokesheni kamili! iNaturalist yenyewe inaficha mahali halisi pa walio hatarini, majangili nao wana simu.

mto_msafi: Nimeelewa, lakini nusu ya watu wangu bando ni la kuungaunga, nikiwaambia wapakue programu mpya wanaleft.

jembe_halilali: Usiwapakulishe kitu. Watume picha humohumo kwenye grupu, wewe au kijana mmoja ndo muingize kwenye ramani. Angalieni tu kitu kimoja, picha ikipita WhatsApp lokesheni iliyokuwa ndani yake inafutika, kwa hiyo mtu atume na pini pembeni, la sivyo utabaki na picha arobaini za mifuko ya plastiki hujui ipo wapi. Sisi yalitukuta.

mto_msafi: Haha sawa. Naanza na rundo la chini ya daraja, picha ninayo na nishapata majina mawili, wenyewe hawajajua bado.