Naomba ushauri: "pamba" yangu inaacha kitone cha plastiki

Ndugu zangu mafundi, hamjambo? Nashona hapa Bukavu. Nimenunua sokoni Kadutu mita 30 za kitambaa cheupe cha mashati ya wanafunzi, muuzaji akaapa ni pamba tupu. Nilichoma nyuzi chache: zilinuka kama karatasi, zikaacha majivu, lakini kukabaki pia kitone cheusi kigumu. Basi kuna poliesta ndani, sina shaka. Nililoweka kipande usiku kucha, kikarudi (yaani kikapungua) kidogo sana.

Je, bado niloweke kitambaa chote kabla ya kukata? Na pasi yangu ni ya makaa (umeme wetu mnaujua), haina kipimo cha moto: nipigeje pasi bila kukiyeyusha? Mashati yanatakiwa Jumatatu.