Siku moja ya kutembea taratibu kwenye mahekalu ya Higashiyama, Kyoto: nianzie wapi, niishie wapi?

Msafiri wa Kibirizi (Kigoma)

Ndugu wanajukwaa, asalaam aleikum na habari za jioni.

Mimi ni mfanyakazi wa sekta ya uvuvi hapa Kigoma. Mwezi wa Juni, Mungu akijalia, nitakuwa Japani kwa wiki tatu kwa mafunzo ya utunzaji wa maziwa, katika mji wa Otsu ulio ukingoni mwa Ziwa Biwa. Ratiba imejaa, isipokuwa Jumapili moja ambayo tumeachiwa tuitumie tupendavyo, na Kyoto iko kiasi cha dakika kumi tu kwa treni kutoka hapo. Wenzangu wanapanga kukodi gari ili wazunguke mji mzima kabla ya magharibi. Mimi nimewaomba radhi nibaki peke yangu, kwa sababu nataka kutembea kwa miguu katika mtaa mmoja tu wa zamani, na nimeambiwa kwamba mtaa huo ni Higashiyama.

Nimekulia Ujiji. Siku za Ijumaa, tukitoka msikitini, marehemu babu alikuwa akinishika mkono tukapita chini ya miembe mikongwe inayofuata njia ya misafara ya kwenda Bagamoyo, naye alikuwa akisimama kila penye habari: hapa palikuwa na nyumba ya fulani, pale palifungwa mizigo. Tulichelewa kufika nyumbani na hakuna aliyetulaumu. Matembezi ya namna hiyo ndiyo ninayoyatafuta.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Kwanza, nianzie wapi na niishie wapi ili siku iwe na utulivu? Pili, mimi ni Mwislamu. Sitaki kuvunja heshima ya mahali pa ibada pa watu wengine, wala sitaki kufanya jambo lisilonihusu. Nitaingiaje, nitaswali wapi, na nitakula nini?

Mama wa Gungu (Kigoma, niliwahi kuishi Kyoto)

Wa aleikum salaam, mdogo wangu. Nilisoma Kyoto kwa miaka miwili, na swali lako limenirudisha kwenye ngazi zile za mawe kana kwamba nimezipanda jana.

Anzia Kiyomizu-dera, na ufike mapema. Hekalu hilo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na mwezi wa Juni jua huwa limekwisha kuchomoza zaidi ya saa nzima kabla ya hapo. Kiingilio ni yeni 500. Ukifika saa hiyo utawakuta wazee wa mtaa waliokuja kuomba dua zao za asubuhi, na mfagiaji mmoja au wawili. Ukifika saa nne utakuta umati unaokusukuma mgongoni. Hekalu lilianzishwa mwaka 778, lakini majengo mengi unayoyaona ni ya mwaka 1633, kwa kuwa yale ya kabla yake yaliteketea kwa moto. Ukumbi mkuu una jukwaa la mbao linalotokeza nje ya mlima, urefu wake kiasi cha mita 13 kutoka chini, na linashikiliwa na nguzo nene za mti wao uitwao keyaki. Nguzo hizo zimeunganishwa na mihimili iliyopenyezwa katika matundu na kukazwa kwa kabari, bila msumari. Usiridhike na kusimama juu ukapiga picha. Shuka kwa njia inayozunguka mpaka chini ya jukwaa, uangalie juu, uone jinsi mbao zinavyopitana. Fundi wa mitumbwi wa Kibirizi angekaa hapo nusu siku.

Chini hapo kuna chemchemi ya Otowa, inayomwagika katika michirizi mitatu. Watu hupanga foleni wakakinga maji kwa kata zenye mpini mrefu, na husemekana kwamba mmoja ni wa maisha marefu, mmoja wa masomo na mmoja wa mapenzi, tena anayekunywa yote mitatu huhesabiwa kuwa mwenye tamaa. Wewe unaweza kutazama tu, hakuna atakayekulaumu.

Ukitoka, teremka kwa Sannenzaka kisha Ninenzaka, yaani vichochoro viwili vya ngazi za mawe vyenye nyumba za mbao pande zote mbili. Eneo hilo limehifadhiwa kisheria tangu mwaka 1976. Maduka mengi yanakuwa bado yamefungwa asubuhi, na mimi nasema hiyo ni bahati, kwa kuwa utaziona nyumba zenyewe: mbele nyembamba, nyuma ndefu, na madirisha ya fito za mbao zilizopangwa karibu karibu ili aliye ndani aone nje bila yeye kuonekana. Baadaye maduka yakifunguliwa, onja yatsuhashi mbichi. Ni unga wa mchele uliotiwa mdalasini, ukasukumwa mwembamba na kukunjwa pembe tatu kama sambusa, na ndani kuna maharage madogo mekundu yaliyopondwa na sukari. Harufu ya mdalasini ile ilikuwa ikinikumbusha nyumbani kila mara.

Mbele yako utaona mnara wa Yasaka wenye ghorofa tano, kiasi cha mita 46, uliojengwa upya mwaka 1440. Kisha ingia Kodai-ji, hekalu lililoanzishwa mwaka 1606 na Bibi Nene kwa kumbukumbu ya mumewe, Toyotomi Hideyoshi, aliyekuwa mtawala wa Japani yote. Hapo kaa. Kuna vibaraza vya mbao vinavyoelekea bustani, na kazi ya kibaraza ni kukalia. Panda pia mpaka kwenye kibanda cha kunywea chai kiitwacho Kasatei, uchungulie dari yake: fito za mianzi zinaanzia katikati na kutawanyika pande zote kama mbavu za mwavuli. Mtu aliyewahi kulala chini ya paa la msonge atajua mara moja anachokitazama.

Kuhusu heshima, wewe uliyelelewa msikitini huna shida. Vua viatu wanapovua, vaa soksi safi zisizotoboka, usikanyage kizingiti bali kivuke, na usipige picha ndani penye alama ya kukataza. Hakuna anayekulazimisha kuinama wala kuchoma ubani. Utaona wageni wakinunua daftari la kukusanyia mihuri ya mahekalu, ambayo huandikwa kwa brashi na wino mbele yako kwa uzuri wa ajabu. Asili yake ni ushahidi kwamba mtu amefanya ibada hapo, kwa hiyo mimi niliacha. Jambo moja zaidi: milangoni utakuta mabirika ya mawe yenye maji na kata. Hayo ni ya kujitakasa kwa desturi yao, usitawadhie humo. Tawadha kwenye mabomba ya vyoo vya umma, ambavyo kule ni visafi kweli, na uache pakavu. Adhuhuri unaweza kuiswali Maruyama, bustani ya wazi iliyo mbele kidogo ya Kodai-ji, kwenye kona isiyo na njia. Kibla kutoka Kyoto ni magharibi, ukielekea kaskazini kidogo.

Chakula cha sifa huko ni yudofu, yaani jibini laini ya soya inayochemshwa polepole katika maji yenye mwani. Uliza kuhusu mchuzi wa kuchovyea, kwa maana mara nyingi hutiwa kileo cha mchele, nawe omba chumvi badala yake. Kama hutaki mashaka, beba ndizi na karanga zako. Beba na mfuko wa taka, kwa sababu mapipa ni adimu.

Baada ya Maruyama unaweza kuendelea hekalu la Chion-in, kisha la Nanzen-ji, au ukashuka mtaa wa Gion jioni.

Mnyamwezi wa Isevya (Tabora)

Nakubaliana na dada hapo juu kwa mengi, ila mwisho wa ratiba yake unanitia wasiwasi. Mwaka niliokwenda mimi, kampuni iliyotupokea ilitupitisha mahekalu saba kwa siku moja. Nilirudi na picha zaidi ya mia tatu, na hadi leo nikizifungua siwezi kusema bustani ipi ni ya hekalu lipi. Niliumia sana, kwa sababu safari ile niliiwekea akiba kwa miaka mingi na sijui kama nitaipata nyingine. Chagua matatu, ndugu yangu, na Gion iache kabisa. Jioni hujaa watu wanaowakimbilia wasichana wasanii kwa kamera, na wenyeji wamechoshwa nao hata wakaweka mabango ya faini ya yeni 10,000 kwa anayepiga picha katika vichochoro vyao binafsi.

Nitaongeza kitu kimoja ambacho Mnyamwezi hawezi kukipita. Paa la ukumbi mkuu wa Kiyomizu-dera limeezekwa kwa magome ya mti wa hinoki, maelfu kwa maelfu ya vipande vyembamba vilivyopangwa kimoja juu ya kingine mpaka ukingo wake ukawa mnene kuliko shibiri. Sisi huku Tabora tunayajua magome kwa sababu ya mizinga ya nyuki, na tunajua pia kwamba mti uliochunwa gome pande zote hufa. Nilimwuliza mzee aliyekuwa akitueleza: kuezeka paa kubwa namna hii si kumaliza msitu? Akanieleza kwamba fundi huchuna gome la nje peke yake, kwenye mti uliotimiza miaka 70 au 80, bila kugusa ngozi ya ndani, na baada ya miaka kama kumi gome limerudi na huchunwa tena. Paa hilo lilikamilishwa upya mwaka 2020. Nilisimama pale nikiwaza misitu yetu ya miombo ya kule Sikonge na Urambo, na nilitamani warina asali wetu wangekuwa pembeni yangu wayasikie maneno yale.

Tena, ukishuka Sannenzaka mvua ikinyesha, shika ukuta. Wenyeji wanasimulia kwamba anayeanguka katika ngazi zile hatamaliza miaka mitatu, na dawa yake ni kununua kibuyu kidogo katika duka lililo hapo chini. Nilinunua kibuyu kile ingawa sikuanguka. Kinaning'inia sebuleni kwangu, na kila mgeni hudhani kimetoka Nzega.

Msafiri wa Kibirizi

Dada zangu, nawashukuru mno. Nimefuta Gion. Sasa nimebakiwa na jambo moja la kuchagua: baada ya Kodai-ji na swala ya adhuhuri, niende Chion-in au Nanzen-ji? Na je, mvua ya Juni itaniharibia siku? Huku kwetu mwezi huo ni kiangazi, hata sina koti la mvua.

Mzee wa Kasingirima (Ujiji)

Mwanangu, mimi Kyoto sijafika, lakini watu wa Kyoto nimeishi nao. Utafiti wa sokwe wa Mahale ulianzishwa na Wajapani mwaka 1965, miaka 20 kabla hifadhi haijatangazwa, na wengi wao walikuwa wa Chuo Kikuu cha Kyoto. Nilifanya nao kazi ya kufyeka njia na kufuata nyayo. Walikuwa watu wa kukaa. Sokwe akiwa mtini, wao wameketi chini na daftari, mvua inanyesha, hawaondoki. Kwa hiyo mvua isikutishe. Nunua mwavuli na ukae kibarazani.

Mmoja wao aliwahi kunionyesha picha ya hekalu la Nanzen-ji, na sikuamini. Ndani ya uwanja wa hekalu, kati ya miti, limepita daraja la matofali mekundu lenye matao, na juu yake yanapita maji. Akanieleza kwamba yale ni maji ya Ziwa Biwa. Mji wao ulikuwa makao makuu tangu mwaka 794, lakini mfalme alipohamia Tokyo mwaka 1869, watu wakaanza kuukimbia, biashara ikafifia. Ndipo wakatoboa milima na kuchimba mfereji wa kuleta maji ya ziwa mpaka mjini, uliokamilika mwaka 1890. Aliyesimamia kazi hiyo, Tanabe Sakuro, alikuwa kijana aliyetoka masomoni moja kwa moja. Mwaka uliofuata maji yale yale yakaanza kuzalisha umeme.

Wewe unakwenda kujifunza habari za ziwa lile. Usiache kwenda kuyaona maji yake yakipita hekaluni. Ukirudi, uje Kasingirima unisimulie kama bado yanatiririka, maana picha ile ilikuwa ya zamani.

Mama wa Gungu

Shikamoo mzee wetu. Yanatiririka mpaka leo, nimeyasikia kwa masikio yangu. Ukipanda kijinjia cha pembeni unayaona yakipita kwa kasi katika mfereji ulio juu ya matao, na chini yake matofali yamefunikwa na kijani laini kama zulia, kijani ambacho hakipendezi kama siku za mvua. Umenikumbusha, nami nabadilisha ushauri wangu. Mdogo wangu, Chion-in usiingie. Lipite tu lango lake la mwaka 1621, ambalo ukubwa wake utakusimamisha wenyewe, kisha nenda Nanzen-ji ukamalizie hapo. Kutoka Kiyomizu-dera hadi huko ni kiasi cha kilomita nne kwa jumla, na siku nzima unayo. Tena huna haja ya kurudi stesheni kuu. Karibu na Nanzen-ji kuna stesheni ya Keage, na baadhi ya treni zinazopita hapo zinakwenda moja kwa moja mpaka Otsu, ufukweni kwa ziwa.

Msafiri wa Kibirizi

Shikamoo mzee wangu wa Kasingirima, na ahsante. Kumbe tulikuwa majirani wakati wote huu.

Nimefungua ramani jioni hii. Mdomo wa mfereji huo uko Otsu, na kutoka hosteli yetu naweza kufika kwa miguu. Basi Jumamosi jioni, baada ya darasa, nitakwenda kuyatazama maji yanapoliacha ziwa na kuingia mlimani, na Jumapili alasiri nitakuwa nimeketi chini ya matao ya Nanzen-ji. Mzee, nitakupigia picha mpya.