Watunzi wa nyimbo za kwaya, acheni kututumia mafaili ya .musx!

Wakuu, mnisamehe, leo naandika na hasira zangu.

Ijumaa saa tatu usiku mtunzi ananirushia wimbo WhatsApp, kwaya inauimba Jumapili misa ya pili. Nacheki: .musx. Mimi natumia MuseScore, programu ya kuchapa nota za muziki, na toleo langu halisomi .musx. Programu nyingine za nota, Sibelius haisomi, Dorico haisomi. Hilo ni faili la Finale, nayo ni programu ya nota, na limetengenezwa lifunguke kwenye Finale yenyewe. Na hiyo Finale, wenyewe MakeMusic walishatangaza Agosti 2024 kwamba hawaiendelezi tena!

Namwambia mkuu, nitumie MusicXML, faili la nota linalohama programu moja hadi nyingine. Anatuma PDF. Sasa PDF naishushaje kei? Wimbo uko flati tatu, sauti ya kwanza wangu wakifika ile fa ya juu wanapiga mayowe, nataka niushushe hadi kei ya C. Narudia ombi. Anatuma MIDI!

Jamani, MIDI ni ya kusikiliza. Nota inaibeba kama namba, si kwa jina lake: ile fa ya juu, yaani A flati, na G shapu zote ni namba 80. Alama ya kei haikuja, kwa hiyo fa yangu ikageuka G shapu kurasa zote. Teno na besi wamebanana mstari mmoja, vipumziko vimetapakaa kila baada ya nota kama punje za mchele. Maneno? Hata silabi moja.

Jumamosi mchana ndiyo kijana mmoja mwenye Finale akanisaidia. File, Export, MusicXML. Nusu dakika! Kitu ambacho toleo lake la kwanza lilitoka 2004, na Finale, Sibelius, Dorico na MuseScore zote zinakisoma.

Hata hapo haikuja safi. Ubeti wa pili mtunzi aliuchapa kama maandishi ya kawaida, hakuufunga kwenye nota, ukaja umelundikana wote juu ya baa ya kwanza. Nimekaa hadi saa nane usiku nabandika Bwa-na, Bwa-na, silabi kwa silabi. Asubuhi mpiga kinanda ananiuliza mbona macho mekundu.

Najua wengine mnaficha makusudi, mnaogopa kuibiwa wimbo. Mwizi ana PDF yako tayari, anaketi usiku mmoja anauchapa upya. Unayemtesa ni mwalimu wa kwaya anayetaka kuuimba.

Tumeni PDF ya kusoma na MusicXML ya kurekebisha. Ni hayo mawili tu.

Nilimuuliza mtunzi wangu ana Finale gani. Akasema 2014, iko kwenye laptop moja, ile inayozima ukichomoa chaja. Nyimbo zake mia na ushee zote zimo humo. MusicXML hana hata moja.