Kifauongo cha shangazi

Shangazi Zuhura: Jamani, kifauongo changu nilikifungia kabatini tangu juzi, giza totoro. Nafungua asubuhi hii, majani yamekunjuka tayari! Nani kakiambia kumekucha?

Idi: Kimekukosea nini mpaka ukifunge 😂

Neema: Shangazi, hilo jaribio la 1729! Mfaransa de Mairan aliweka gizani mmea wa namna hiyo, majani yakaendelea kukunjuka mchana na kujikunja usiku. Una saa yake ndani.

Baba Mdogo: Ndani wapi? Mmea hauna ubongo.

Neema: Ndo utamu wenyewe Ba'mdogo, haikai mahali pamoja. Karibu kila seli ina yake. Kwa arabidopsisi, kale kammea ka maabara, kuna protini za asubuhi, CCA1 na LHY, zinazozima jeni ya TOC1. Zikipungua, jioni TOC1 inaamka na kuzizima zenyewe. Wanapokezana hivyo, siku inakwisha.

Idi: Na seli zote zinakubaliana?

Neema: Wapi! Kuna waliomulika vipande vya jani moja kwa ratiba tofauti, kila kipande kikashika ratiba yake.

Neema: Halafu kazi zimegawanywa. Ile mishipa unayoiona ukiinua jani kwenye mwanga, ukivuruga saa yake, mmea unachelewa kutoa maua. Ukivuruga ya ngozi ya jani, maua hayana habari, ila kurefuka kwa seli kunakofuata joto ndiko kunaharibika.

Baba Mdogo: Mizizi je? Huko chini giza mwaka mzima.

Neema: Nayo ina saa, ila inaletewa habari kutoka juu. Sukari inashuka, na protini moja, ELF4, nayo inasafiri mpaka mizizini.

Baba Mdogo: Kumbe huko juu kuna wakubwa.

Neema: Kiasi. Seli za ncha ya shina zimeshikamana kuliko za majani, mdundo wake hauyumbi ovyo.

Shangazi Zuhura: Kwa hiyo nikikiacha tu kabatini?

Neema: Kitaanza kuwahi. Mtaalamu wa mimea de Candolle, 1832, alikuta kifauongo kisichoona usiku wala mchana kinazunguka kwa saa 22 hadi 23. Baadaye mwendo unafifia.

Shangazi Zuhura: Basi nakitoa. Kitajirekebisha?

Neema: Ndiyo. Majani yana fitokromu na kriptokromu za kupokea mwanga, alfajiri zinaisogeza saa. Kipe siku kadhaa.

Idi: Na maji, shangazi 🙏