Kichaka cha gosi kimefika kwenye fensi yangu, halmashauri wananiambia nisubiri mpaka Septemba!!

Wakuu salaam. Mods naomba msiuhamishe huu uzi, nina hasira mpaka mikono inatetemeka.

Naishi kusini mwa Uingereza, nyuma ya nyumba kuna nyika ya mchanga na vichaka, wenyewe wanaiita hithi. Humo kuna mmea wa miiba unaitwa gosi, una maua ya njano, jua likiwaka unanukia nazi kabisa kama kuna mtu anakuna jikoni. Ila upanue katikati uone, nje kijani ndani kuni tupu, halafu una mafuta, ukishika moto unawaka kama umemwagiwa petroli. Sasa hiyo gosi imeegemea fensi yangu ya mbao, imenizidi kimo, na kutoka fensi mpaka mlango wa jikoni ni hatua 9, nimehesabu.

Mwezi wa 10 halmashauri walikuja, wakapiga picha, wakasema baridi ikiingia watafyeka ukanda mpana nyuma ya nyumba zote ili moto ukija ukose cha kula. Desemba kimya, Februari kimya, napiga simu naambiwa iko kwenye ratiba. Juzi ndo wananijibu eti ndege wameanza kujenga viota, hakuna kufyeka mpaka Septemba. Jamani!! Kwani ndege wameanza kutaga mwaka huu? Kila mwaka Machi mpaka Agosti vichaka haviguswi, inajulikana, ndo maana hii kazi ni ya baridi. Na sina ugomvi na ndege wala mijusi, walindwe, lakini moto ukipita hapo si ndo wa kwanza kuteketea?

Mtu atasema subiri kiangazi ndo uogope. Hapana mkuu, Machi na Aprili ni balaa, majani ya mwaka jana yamekauka na mapya hayajaota, upepo kidogo tu basi. Mei 2020 msitu wa Wareham kule Dorset uliungua hekta kama 200, zimamoto wakakuta mabaki ya yale majiko ya bati ya kuchomea nyama mara moja na kutupa. Na Julai 2022, siku joto lilipopita nyuzi 40, moto wa majani uliingia Wennington pembeni ya London ukala nyumba za watu.

Hata majirani nao wananiudhi, wakikata bustani matawi yote wanarusha ng'ambo ya fensi, yanakauka palepale. Jumapili watu wamepaki magari mbele ya geti la kupitishia magari ya zimamoto kuingia nyikani, pembeni ya nyumba ya mzee wa miaka 80 anayetembea kwa fremu, nimegonga milango mitatu ndo wakatoa.

Mnaoishi karibu na nyika kama hizi, nani amewahi kuibana halmashauri yake ikafyeka kweli? Ulimwandikia diwani, mbunge, au ulienda na zimamoto wakague? Nataka barua iondoke wiki hii.