Serikali ikifungia tovuti za nje, huo si ushuru wa mlango wa nyuma?

Mleta mada:
Wakuu, serikali ikipandisha ushuru wa bidhaa za nje kila mtu anapiga kelele, ila ikifungia tovuti nzima tunaambiwa hayo ni mambo ya usalama na maadili, biashara haihusiki. Haihusiki vipi? Angalieni China, 2009 Facebook na Twitter zikafungiwa, mwaka huohuo mwezi wa nane Weibo, mtandao wao wa kijamii wa nyumbani, ikaingia sokoni, 2010 Google akahamishia huduma yake ya kutafutia Hong Kong, Baidu, mwenyeji wa huduma hiyohiyo, akabaki anatamba peke yake. Mi sisemi walikaa kikao wakapanga hivyo, nasema matokeo yake ni yaleyale ya kuzuia kontena la mshindani bandarini. Na hapo bado hatujagusa tovuti ambazo hazijafungiwa ila zinachujwa njiani mpaka zinafunguka kwa kujikongoja, mteja anachoka anaenda kwa mwenyeji ambaye seva zake ziko ndani ya ukuta, yaani ule mfumo wa China wa kuchuja intaneti. Marekani 2016 waliuweka ule ukuta kwenye ripoti yao ya vikwazo vya biashara.

Mchangiaji 1:
Mkuu unachanganya mambo. Wanachuja kwa sababu za siasa, si soko, ndo maana Weibo nao wanafutiwa posti kila siku. Ushuru gani huo unaomkamata hadi mwenyeji? Halafu mkataba wa biashara ya huduma wa WTO (Shirika la Biashara Duniani) ibara ya 14 unaruhusu nchi kulinda maadili ya umma. Kesi imeisha.

Mleta mada:
Haijaisha mkuu, tafuta ile kesi ya Antigua na Marekani. Kisiwa kidogo kile kilishtaki kwamba Marekani imezuia kamari ya mtandaoni kutoka nje, na 2005 jopo la rufaa la WTO likasema kuzuia kabisa ni sawa na kuweka kiwango cha sifuri, yaani unaruhusu huduma sifuri iingie. Marekani nao wakajitetea kwa hiyohiyo ibara ya 14 yako, na jopo likakubali kwamba maadili ni hoja halali, wakakwama mahali padogo sana: sheria yao ya mbio za farasi ilionekana inawaruhusu wenyeji kubetisha kwa mtandao. Umeona? Maadili hayakukataliwa, kilichokataliwa ni maadili yanayomkaba mgeni tu. China nao 2009 walibanwa kwenye vitabu na filamu, walisema lazima viingizwe na kampuni za serikali ili vichujwe, wakaambiwa chujeni mkitaka lakini kuna njia isiyoumiza biashara kiasi hicho.
Kwahiyo Weibo kuchujwa hakuniondoi kwenye hoja. Yeye anafutiwa posti, mwenzake kafungiwa duka zima.

Mchangiaji 2:
Sasa nieleze India. 2020 walifungia TikTok na apu nyingine za China, jumla 59. Nani kafaidi? Reels ya Instagram na Shorts ya YouTube, video fupi za Wamarekani! Kama ni kulinda wa nyumbani mbona karamu wamekula wageni wengine?

Mleta mada:
Hapo umenibana kidogo, nakubali, "nani kafaidi" peke yake haitoshi kama kipimo. Lakini kumchagua mgeni mmoja umtoe huku wengine unawaacha, hiyo nayo WTO wana kanuni yake, usibague kati ya nchi na nchi, na China wenyewe ndo walilalamika kwamba sheria za WTO huenda zimevunjwa. China hao hao wenye ukuta, hahaha.

Mchangiaji 1:
India walisema ni usalama wa taifa, na huo una kipengele chake kabisa kwenye mkataba. Nani atampimia mwenzake usalama wake?

Mleta mada:
Hilo ndo tundu lenyewe mkuu, kila anayefungia siku hizi anapitia hapo, Marekani na sheria yao ya 2024 dhidi ya TikTok walipita hukohuko.